Giza la Njia Kuu: Historia ya Hatari Zilizokubaliwa Katika Nchi ya Unyamwezi

Mji wa Nzega, ulioko kaskazini mwa Mkoa wa Tabora, umekaa mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida inakutana na ile itokayo Tabora, kabla ya njia kugawanyika tena, moja ikielekea Shinyanga na Mwanza na nyingine Isaka, Kahama na mpaka wa Rusumo. Hapo hupita malori ya shehena za Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki, malori ya mafuta, mabasi ya Mwanza, Kahama na Bukoba, na pembeni mwao bodaboda, baiskeli, watoto wa shule na makundi ya ng'ombe wanaovushwa kwenda kunywa maji. Kwa kuwa hakuna safari isiyo na hatari, swali lililowakabili watu wa njia hii tangu zama za misafara ni hatari ipi ikubaliwe, ipi ikataliwe, na nani mwenye haki ya kusema ndiyo. Wataalamu wa usalama wa usafiri huieleza hatari kwa mambo mawili yanayopimwa pamoja, yaani uwezekano wa ajali kutokea na ukubwa wa madhara yake ikitokea. Hatari inayokubalika, kwa lugha yao, ni ile ambayo jamii imeipima, ikailinganisha na faida ya safari na gharama ya kuipunguza, kisha ikaridhia kuishi nayo. Maelezo hayo hayana kosa, ila neno "jamii" limebeba ndani yake watu wengi wasiofanana: anayeamua, anayelipwa, anayesafiri, na anayekaa kando ya njia bila kusafiri kokote.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikavuka Ugogo na nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi ambayo kitovu chake kilikuwa Kaze, mahali panapojulikana leo kama Tabora. Kutoka hapo tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji, na jingine likaelekea kaskazini hadi Ziwa Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, likipita katika nchi ambayo leo ni wilaya za Nzega na Shinyanga. Kwa njia hiyo ya kaskazini msafiri Mwingereza John Hanning Speke alisafiri mwaka 1858, akiondoka Kaze tarehe 9 Julai na kulifikia ziwa tarehe 3 Agosti, huku mwenzake Richard Burton akibaki Kaze. Vyombo vya usafiri vya zama hizo vilikuwa mabega ya wanadamu: mpagazi mmoja alibeba mzigo wa takribani frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, na juu yake mkeka wake, chakula chake na silaha yake.

Wapagazi wa Kinyamwezi, kinyume na picha iliyoenezwa baadaye na vitabu vya wakoloni, wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira waliopatana, wenye desturi zao, viongozi wao na fahari ya kazi yao. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, kiongozi wa njia, aliyejua visima, vivuko na watawala waliokuwa wakidai hongo, neno ambalo wakati huo lilimaanisha ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Chini yake walikuwa wanyampara, wasimamizi wa vikundi vya wapagazi waliopika chungu kimoja na kulala pamoja. Safari ilipangwa kufuata majira ya mvua na kilimo, na usiku ulipoingia kambi ilizungushiwa boma la miiba, kwa maana giza lilikuwa la simba, fisi na wanyang'anyi, na desturi ya njia ilikataza kutembea ndani yake.

Desturi hiyo, hata hivyo, ilikuwa na mlango wake. Penye nyika isiyo na maji, kama Mgunda Mkali, msafara ulifanya tirikeza, kama jina lilivyoandikwa na wasafiri wa karne hiyo: watu walipumzika adhuhuri mahali penye maji, wakajaza vibuyu, wakatembea alasiri yote hadi jioni, wakalala pakavu, kisha wakaondoka alfajiri ili wafike kisima kinachofuata kabla ya jua kali. Jambo la kuzingatia ni kwamba walipima hatari mbili, kiu na giza, wakaikubali sehemu ya ile ndogo ili kuikwepa ile kubwa, na waliopima ndio waliokuwa na midomo mikavu. Mpagazi ambaye hakuridhika na kipimo alikuwa na njia za kusema: aligoma, akatua mzigo, akadai posho iongezwe, au akatoroka usiku pamoja na wenzake, na hakuna tajiri wa msafara, Mwarabu, Mhindi au Mzungu, aliyeweza kulipuuza jambo hilo, kwa sababu bidhaa zisizo na mabega hubaki porini.

Mwaka 1871 swali la njia ipi ifuatwe lilifika Unyanyembe kwa ukali. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia fupi ya kwenda Ujiji, na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora waliamua kuifungua kwa bunduki. Msafiri wa Kizungu Henry Morton Stanley alijiunga nao mwezi Agosti, jeshi lao likashindwa, na baadaye mji wenyewe wa Tabora ukashambuliwa. Mwezi Septemba Stanley aliondoka kwa kuzunguka kusini, kupitia Ukonongo, akakubali umbali, njaa na nyika ngeni badala ya rugaruga, yaani wapiganaji wa Mirambo, na akafika Ujiji kabla ya mwaka kwisha. Mzunguko huo mara nyingi husimuliwa kama ushujaa wa mtu mmoja. Ukitazamwa kwa jicho la historia ya usafiri, ulikuwa hesabu ya kawaida ya njia za misafara: barabara ndefu yenye hatari ya kuhesabika ilichaguliwa badala ya fupi yenye hatari isiyo na mwisho.

Mfano ulio bora zaidi ulitokea miaka miwili baadaye, na wenye uamuzi hawakuwa Wazungu. Abdallah Susi, James Chuma na wenzao walipokuwa wakiubeba mwili wa msafiri David Livingstone, waliyekuwa wakimtumikia, kutoka kijiji cha Chitambo kuelekea pwani, walifika Unyanyembe mwezi Oktoba 1873 na kumkuta Luteni Verney Lovett Cameron, ambaye aliwashauri wauzike mwili hapo, kwa kuwa wenyeji wa njia hawapendi maiti ipite katika nchi zao na msafara mzima ungeweza kuhatarishwa. Walimsikiliza, wakakataa. Walipofika Kasekera na upinzani ukajitokeza kweli, walitengeneza mzigo wa mabua uliofungwa mfano wa maiti, wakauondoa kana kwamba unarudishwa Unyanyembe kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane robota la nguo, wakaendelea na safari hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Hatari waliikubali wao, kwa miguu yao, baada ya kuelezwa yote yaliyo mbele, nao wakatafuta njia ya kuipunguza pasipo kumwaga damu ya mtu. Ni vigumu kupata katika historia nzima ya njia hii uamuzi uliokamilika kuliko huo.

Lakini haifai kuzipamba zama hizo. Katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo shingoni, wakipelekwa kuuzwa pwani, na kwao hakuna hatari hata moja iliyoulizwa. Ndui iliponyemelea msafara, wagonjwa waliachwa njiani. Tajiri aliyekopesha mtaji huko Unguja alihatarisha fedha tu. Kilichopo ni kwamba katika mfumo uliotegemea mabega ya watu huru, aliyekuwa hatarini alikuwa na nguvu fulani ya kukataa, na nguvu hiyo ndiyo iliyoilazimisha njia kuwa na desturi za usalama.

Nguvu hiyo ilivunjwa katika kipindi kifupi. Mtemi Isike wa Unyanyembe alishindwa na Wajerumani mwanzoni mwa mwaka 1893, akaifia ngome yake. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, na misafara mikubwa ikakoma. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, ambamo upagazi ulirudi kwa sura ya kutisha: pande zote mbili zilikamata watu vijijini, zikawabebesha risasi na vyakula vya majeshi, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam limetokana na jeshi hilo la wapagazi. Kazi ilikuwa ileile ya babu zao, na njia nyingine zilikuwa zilezile, ila haki ya kutua mzigo ilikuwa imeondolewa, na mara ilipoondolewa vifo vikawa tarakimu katika hesabu ya mtu mwingine.

Tawi la reli kutoka Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928 likipitia Bukene, ambayo sasa imo wilayani Nzega, lakini mji wa Nzega wenyewe ukaachwa kando. Reli ilileta namna mpya ya kuamua usalama, yaani kanuni zilizoandikwa: ishara, ruhusa ya kuingia katika kipande cha njia, ukaguzi wa breki, kikomo cha mwendo. Abiria hakutakiwa kujua lolote kati ya hayo. Alinunua tiketi, na pamoja nayo akanunua imani kwamba wengine wamekagua kwa niaba yake. Kwa miaka mingi imani hiyo haikumwangusha. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima katika eneo la Igandu, mkoani Dodoma, ikiwa na watu zaidi ya 1,000, ilishindwa kusonga mbele, ikaanza kurudi nyuma bila breki kuizuia, ikateremka kwa kasi kubwa hadi ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walikufa. Msiba huo uliligusa taifa zima na kuzifikia familia nyingi za magharibi, kwa kuwa treni ya kati ndiyo iliyokuwa usafiri wa watu wa kipato cha chini wa Tabora, Kigoma na Mwanza.

Hapa linaonekana jambo ambalo wachunguzi wa hatari wamelieleza kwa muda mrefu. Mwaka 1969 mhandisi wa Marekani, Chauncey Starr, alichapisha makala iliyodai kwamba watu huvumilia hatari waliyoichagua wenyewe kwa kiasi kikubwa mno, hata mara elfu moja, kuliko hatari waliyotwikwa na wengine. Tarakimu yake imebishaniwa tangu hapo, lakini msingi wa hoja umebaki. Wengine waliomfuata waliongeza kwamba vifo vingi vinavyotokea kwa mara moja huogofya kuliko idadi ileile ikisambaa. Watu 281 kwa siku moja ni maombolezo ya kitaifa. Watu 281 wakifa mmoja hapa, watatu pale, katika barabara za mikoa ya magharibi, hupita kama habari za kawaida. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba barabara ziliua watu milioni 1.19 duniani mwaka 2021. Hakuna bunge lolote lililowahi kupiga kura kukubali idadi hiyo, ila dunia huikubali kila siku kwa kuendelea kama kawaida.

Baada ya reli kuzorota, uzito wa safari ulihamia barabarani, na hapo ndipo Nzega iliporudi kuwa njia panda ya nchi kama ilivyokuwa Unyanyembe. Kutoka Dar es Salaam hadi Nzega ni takribani kilomita 900, ukiwemo mteremko wa Sekenke na mbuga ya Wembere, ambayo ni tambarare, imenyooka na inamshawishi dereva kukanyaga mafuta. Katika miaka ya 1990, baada ya mfululizo wa ajali za usiku, serikali ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha, na katazo hilo likadumu kwa takribani miongo mitatu. Lilikuwa tamko la wazi kuliko yote kuhusu hatari isiyokubalika katika usafiri wa Tanzania, na lilikuwa na mantiki: usiku dereva husinzia, lori lililoharibika bila taa halionekani hadi limefikiwa, na msaada huwa mbali. Bila kukusudia, serikali ilikuwa imelirudisha boma la miiba la misafara.

Tofauti ilikuwa katika hesabu. Sheria inalitaka basi lisizidi kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Kwa kilomita 900, hata basi ambalo halikusimama popote na halikupunguza mwendo katika kijiji chochote lingehitaji saa 11 na zaidi. Basi likiondoka saa 12 asubuhi, na katika safari halisi lina vituo vya chakula, mizani na ukaguzi wa polisi, dereva anayetakiwa kufika Nzega, Kahama au Mwanza kabla ya katazo kumkuta njiani anakimbizana na jua. Hatari iliyofukuzwa usiku ilipata makao mchana, ndani ya mguu wa dereva. Isitoshe, katazo liligusa mabasi peke yake: malori ya mizigo na ya mafuta yaliendelea kupita usiku, na abiria mwenye msiba au mgonjwa, aliyelazimika kusafiri, aliingia katika michomoko, yaani magari madogo yanayochukua abiria bila leseni ya kazi hiyo, ambamo hakuna orodha ya majina wala anayejua nani amepanda. Katazo lililokusudiwa kumlinda maskini lilimwacha achague kati ya mwendo wa kasi mchana na gari lisiloandikishwa usiku.

Tarehe 4 Julai 2016, mchana kweupe, mabasi mawili ya kampuni moja, moja likitoka Kahama na jingine likielekea Kahama, yaligongana uso kwa uso katika eneo la Maweni, wilayani Manyoni, na watu zaidi ya 20 wakafariki. Yote mawili yalikuwa ya njia inayopita Nzega. Giza halikuhusika. Baada ya misiba ya aina hiyo mkazo ulianza kuhama kutoka saa ya safari kwenda kwa mwenendo wa dereva: chombo cha kufuatilia mwenendo wa basi kikaanza kufungwa, kikituma taarifa za mwendokasi kwa mdhibiti, ambaye kwanza alikuwa SUMATRA na tangu sheria ya mwaka 2019 ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, safari inayozidi saa nane ikatakiwa kuwa na madereva wawili, na dereva akatakiwa kujitambulisha kwa kitufe maalumu ili ijulikane ni nani aliyeshika usukani. Juhudi hizo zilifanya hatari ipimike, na hatari isiyopimika haiwezi kukubaliwa wala kukataliwa kwa haki.

Mwaka 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mabasi yataruhusiwa kusafiri kwa saa 24, na kuanzia Oktoba mwaka huo LATRA ikaanza kutoa ratiba za usiku kwa masharti. Sababu zilizotolewa zilikuwa hasa za uchumi na muda wa wasafiri. Jirani Kenya ilikuwa imepita njia hiyo kwa kasi zaidi: baada ya ajali ya Migaa ya tarehe 31 Desemba 2017 iliyoua watu 36, safari za usiku za magari ya abiria zilisimamishwa, kisha katazo likaondolewa mwezi uliofuata. Katika nchi zote mbili mtindo ni mmoja: katazo huzaliwa na huzuni, na kuondolewa kwake huzaliwa na biashara. Uamuzi wa 2023 ulikuwa sahihi, kwa sababu katazo lilikuwa limeacha kupunguza hatari na kubaki likiihamisha tu. Ulikosa kitu kimoja: kuulizwa kwa wanaoibeba.

Wanaoibeba wanajulikana. Ni abiria aliyelala kiti cha nyuma, asiyejua kama dereva wa pili yumo au ni jina katika karatasi. Ni mama anayeuza karanga kandokando ya barabara kati ya Igunga na Nzega, ambaye hana faida yoyote katika mwendo wa basi na ndiye wa kwanza kugongwa likiacha njia. Ni wauguzi wa hospitali ya Nzega na ile ya Nkinga, ambao hupokea majeruhi kwa vifaa ambavyo hakuna mwenye basi aliyevichangia. Ni mwendesha bodaboda asiye na chombo cha kufuatiliwa wala cha kumkinga. Hata lugha imeshuhudia mabadiliko hayo, kwa sababu hongo, ambayo kwa kirangozi ilikuwa bei ya wazi ya kupita salama, iliyopatanwa mbele ya watu wote wa msafara, leo ni jina la fedha ya siri inayolipwa ili gari bovu lifumbiwe macho. Hongo ya zamani ilinunua usalama wa wote. Ya sasa huuza usalama wa wasiokuwepo mazungumzoni.

Masharti ya safari za usiku yapo katika leseni, na leseni ni hati ya umma. Yabandikwe ndani ya kila basi kwa Kiswahili, karibu na mlango, yakiwa na majina ya madereva wote wawili, mwendo unaoruhusiwa na namba ya kutoa taarifa. Na mabaraza ya vijiji vilivyo kando ya barabara kuu yapewe kila mwaka hesabu ya waliofariki na waliojeruhiwa katika maeneo yao, pamoja na nafasi ya kusema kabla ratiba mpya haijaidhinishwa. Wapagazi wa Unyamwezi, bila serikali wala leseni, waliijua njia iliyokuwa mbele yao kabla ya kuinua mzigo. Abiria anayepanda basi usiku katika stendi ya Nzega anastahili kujua angalau kiasi hicho.